Shamba Lililopandwa Bila Mbegu

Kwetu mtoto wa mwisho huitwa chogo, na neno hilohilo ndilo linalomaanisha mfupa. Sijui ni nani aliyeamua hivyo, lakini alikuwa ametazama vizuri. Mfupa ndio unaobaki kwenye sahani wakati wengine wameshainuka kwenda kunawa mikono. Mimi ndiye chogo wa nyumba yetu, huko mashambani nje ya Awendo, na kabla yangu kuna kaka na dada.

Baba alikuwa na mtindo wa kuhesabu watoto kwa kidole kabla hatujaondoka kwenda popote. Kidole kilimwendea kaka, kikamwendea dada, kisha baba akasema, "Tuko wote," na safari ikaanza. Siku moja walinisahau kwenye harusi kule Rongo. Nililala kwa bwana harusi, nikala keki iliyobaki, na kesho yake nikarudishwa kwa pikipiki kabla hawajamaliza kubishana ni nani aliyekuwa amenishika mkono. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, na langu halikuwepo.

Sisemi niliteswa. Nilikula, nikasoma, nikavaa nguo za dada yangu mpaka zikaisha rangi. Hakuna aliyenichukia. Ni vile tu nilipozaliwa walikuwa wameshamaliza kushangaa watoto.

Kilichovunja nyumba yetu kilikuwa shamba dogo lililo kati ya jiko na ua. Baba alitaka kupanda miwa, kwa sababu huku kila mtu ana miwa na malori yanapita mlangoni. Mama alitaka mahindi na maharagwe, kwa sababu, alisema, hajawahi kuona mtu akisonga ugali wa miwa. Mzaha ukawa maneno, maneno yakawa kelele. Baba akasema siku mahindi yatakapopandwa pale, yeye hayupo. Mama akasema siku miwa itakapopandwa pale, yeye pia hayupo. Kwa hiyo hakikupandwa kitu, na wote wawili hawakuwepo. Baba alikwenda Macalder kuchimba dhahabu. Mama alikwenda Homa Bay kuuza samaki. Kaka alishika upande wa baba, akahamia Awendo mjini na mkewe, akawa anaendesha trekta la kubeba miwa. Dada alishika upande wa mama, akamfuata Homa Bay na kufungua saluni. Hao wawili nao wakaacha kusemezana.

Na mimi? Baba alidhani nimekwenda na mama. Mama alidhani nimebaki na baba. Nilikuwa jikoni nikipepeta maharagwe.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shule, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kunionea huruma. Nilifuga kuku, nikauza mayai kituoni, jioni nikapika kwa sufuria ndogo. Walipogundua niliko, kila mmoja alipiga simu akasema nivumilie kidogo. Hicho kidogo kilimaliza miaka miwili. Magugu ya shambani yalifika dirishani, na nyoka mmoja akaanza kuishi humo kama mpangaji.

Kisha nikapata nafasi ya kusomea uuguzi Homa Bay, masomo yaanze mwezi wa tano. Nilifurahi mpaka nikacheza peke yangu uani, kuku wakinitazama. Lakini furaha ilipopoa nikaona jambo moja waziwazi. Nikiondoka, hakuna wa kufungua mlango huu tena. Mvua mbili tatu, nyumba itaanguka, na watu watapita wakisema hapa palikuwa na boma la fulani. Nilimpigia mama, akasema, "Wewe njoo tu, tutabanana hapa na dada yako." Nilimpigia baba, akasema mtandao Macalder ni mbaya, ingawa nilimsikia vizuri sana. Sikutaka kubanana. Nilitaka kuwa na kwetu pa kurudi, penye watu ndani.

Nilikasirika, sikatai. Hasira yangu huwa haina kelele. Huwa inakaa inafikiri.

Hapa lazima nieleze desturi. Katika boma la Wajaluo mbegu hazitoki nje ovyo. Mama mwenye boma hupanda kwanza, mume wake akiwa nyumbani. Kisha hufuata mwana wa kwanza na mkewe, na wengine kwa zamu zao. Anayeruka zamu huleta chira, balaa linalokondesha watu na ambalo hospitali hailijui jina. Hata kuonja mavuno mapya kuna zamu yake. Binti ambaye hajaolewa hana zamu yoyote ya kupanda. Hakuna anayemfikiria katika jambo hilo, na mimi kutofikiriwa nilikuwa nimekuzoea.

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza kunukia, nilichukua jembe. Nilifyeka magugu yote, nyoka akahama kwa hiari yake, nikalima. Halafu nikachimba mashimo kwa mistari kutoka jikoni hadi uani, nikayafukia moja baada ya jingine, nimeinama kama mtu anayepanda. Nilipomaliza nilinawa miguu na kwenda kwa jirani yetu, mama mmoja anayekaanga mandazi kituoni. Ana moyo mzuri, na siri kwake hukaa kama maji kwenye kikapu.

"Nimepanda," nilimwambia. "Lakini tafadhali usimwambie mtu."

"Umepanda?" aliuliza, mwiko ukiwa hewani. "Wewe, chogo? Kabla ya mama yako?"

"Usimwambie mtu," nikarudia, nikachukua mandazi yangu na kurudi nyumbani.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Alasiri ileile kaka alipiga simu. Hakuwa amenipigia tangu Krismasi.

"Ni kweli umetoa mbegu?"

"Njoo uone," nikasema, na nikakata. Kukata simu ya kaka mkubwa ni raha ambayo kila chogo anapaswa kuionja japo mara moja.

Yule jirani hakuwa ameambiwa nimepanda nini, kwa hiyo alijaza mwenyewe. Habari iliyofika Macalder ilisema nimepanda mahindi kwa amri ya mama. Iliyofika Homa Bay ilisema ni miwa, kwa amri ya baba. Ningeketi mwezi mzima nikipanga, nisingeweza kupanga vizuri hivyo.

Kesho yake wote walifika. Wa kwanza alikuwa baba, ambaye kwa miaka mingi alisimama kanisani akisema chira ni mambo ya giza. Alishuka kwenye pikipiki na gambuti zake zikiwa bado na tope la mgodini. Kaka alikuja na trekta, na tela tupu la miwa likilia nyuma yake. Mama na dada walifika mwisho, mama amebeba ndoo ya samaki, kwa sababu hata kwenye ugomvi yeye haendi mkono mtupu.

"Nani alikuambia upande?" baba aliuliza.

"Hakuna mtu aliniambia kitu, baba. Hata salamu."

Mama aliweka ndoo chini. "Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "ni miwa hii umeweka hapa kwa jiko yangu?"

"Miwa gani?" baba akamgeukia. "Si ni mahindi yako? Si wewe ndio ulimtuma?"

"Mimi? Nimtume nikiwa wapi?"

Yalikuwa maneno ya kwanza waliyoambiana kwa miaka miwili. Hayakuwa matamu, lakini nilikuwa na njaa nayo, niliyameza hivyohivyo.

"Chimbeni muone," nikasema.

Kaka hakuwa na muda wa mafumbo. "Lazima zitolewe zote, hata moja isibaki. Bibi yangu ako na mimba. Hii chira nitaipeleka wapi?"

Basi wakaanza. Baba alishika jembe, mama akakunja leso yake na kupiga magoti, kaka akachukua panga. Dada alitazama kucha zake za saluni, akashusha pumzi, akaingiza mikono kwenye udongo. Kila mmoja alikuwa na mstari wake. Mimi nilikunja mikono nikasimamia, kisha nikaenda kuinjika chai, maana niliona kazi ni ndefu.

Kutoka jikoni niliwasikia. Kwanza ilikuwa majembe tu. Halafu kaka akasema, "Wewe, hapo umeruka shimo." Dada akajibu, "Siruki kitu. Angalia mstari yako." Baadaye kidogo, "Leta hiyo panga." Kisha, "Bibi yako anaendeleaje?" Nilikaa karibu na moto nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Walifika katikati ya shamba bila kupata hata punje. Mama alinyoosha mgongo.

"Baba yao, umepata kitu?"

"Sijapata."

"Basi umezoea," mama akasema.

Majembe yalisimama. Kwa maisha yake yote ya Macalder, baba alikuwa amepata dhahabu ambayo haingetosha kuziba jino, na sote tulijua, na hakuna aliyewahi kuthubutu kusema. Kaka alitazama chini. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika birika. Nilidhani atatupa jembe na kuita pikipiki, na mambo yote yawe yameisha hapo.

Baba alitazama shimo lake. Alimtazama mama, magoti yake mekundu kwa udongo. Kisha akakaa chini palepale na kuanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na mama, aliyekuwa amejitayarisha kwa vita, akashindwa na yeye. Dada akacheka kwa sababu mama anacheka. Kaka alikuwa wa mwisho, kwa kuwa yeye bado alikuwa anafikiria mimba.

"Mbegu ziko wapi?" mama aliniuliza alipopata sauti.

"Ziko kwa debe, ndani ya nyumba. Zinangoja mwenyewe." Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, lakini mdomo ulikuwa umefunguka. "Hakuna kitu nimepanda. Hata mimi naogopa chira. Nilitaka tu mje. Nikiwaita kwa ajili yangu hamji."

Hapo kicheko kiliisha. Mama alisema polepole kwamba siku ile ya kuondoka aliniona jikoni, akadhani baba yangu ananihitaji. Baba akasema yeye hakuniona kabisa. Alisema hivyo kisha akasikia alichokisema, akafuta uso kwa mkono wenye udongo. Dada alinijia akanikumbatia, na kwa mara ya kwanza nikagundua nimemzidi urefu.

Samaki walipikwa wote siku hiyo. Tukiwa tunakula baba alisema, kama mtu anayesoma hali ya hewa, kwamba kule chini karibu na barabara udongo unafaa miwa.

"Na hapa?" mama akauliza.

"Hapa si ni jiko yako?"

Ugomvi wa miaka miwili uliishia hapo. Nilitaka kuwarushia kijiko wote wawili.

Kupanda kuna sharti moja kati ya mume na mke ambalo mtoto mwenye adabu halisimulii. Nitasema tu kwamba baba hakurudi Macalder, na asubuhi moja baadaye walitoka mlangoni pamoja, mama na kikapu cha mbegu, baba na jembe, wote wawili wakijifanya hawatuoni. Mahindi yakaingia ardhini, na maharagwe katikati yake. Kaka na mkewe wakafuata kwa zamu yao. Mimi nikafunga mizigo ya chuo nikiimba.

Mama alibaki nyumbani. Sasa anauza samaki soko la Awendo, na dada ndiye anayempelekea kutoka ziwani. Mwezi wa nane, nikiwa chuoni, baba alipiga simu kusema mahindi yameiva. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilipata ruhusa Ijumaa, lakini gari liliharibika njiani, na nilipofika jua lilikuwa linaelekea kuzama. Nilipita njia ya nyuma, kupitia shambani, mahindi yakiwa marefu kunizidi, na harufu ya mahindi ya kuchemsha ikinivuta. Nilijua watakuwa wameshakula. Nilijiambia si neno.

Nilipofika nyuma ya jiko nilisikia sauti ya dada.

"Tuko wote. Mama, si uonje tuanze? Inapoa."

"Bado," baba akasema. "Hesabu vizuri. Chogo hajafika."

"Na akichelewa?"

"Tutangoja."

Nilikuwa na hatua chache tu za kuzunguka ukuta. Njaa ilikuwa inaniuma, begi lilikuwa linanikata bega. Nikaliweka chini taratibu, nikaegemea ukuta, nikawaacha wanisubiri kidogo.