Miswala Kumi na Minne Barabarani

Soko lenyewe silitaji. Waliokuwepo wanalijua. Lilikuwa ukingoni mwa mji wa Tabora, kando ya barabara ambayo wazee wetu walikuwa bado wakiiita njia ya misafara, na mimi nilikuwa na meza pale kwa miaka kumi na tisa. Niliuza kanzu, kofia, tasbihi, udi na miswala ya kuswalia. Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya mwanamke wa Ulyankulu aliyeuza asali na maharage. Turubai letu lilikuwa moja. Mvua ikija na upepo, yeye alishika kamba za upande wake, mimi za upande wangu, tukapiga kelele hadi ipite.

Alikuwa Mkatoliki, mwembamba, msema kweli hata pale ambapo ukweli haukutakiwa. Wazazi wake walikimbia Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, wakapewa ardhi Ulyankulu, wakailima, wakazikwa humo. Yeye alikuja kupata cheti cha uraia akiwa tayari ana wajukuu. Habari za siku hiyo alinisimulia mara nyingi: walivyopangwa mstari uwanjani tangu alfajiri, walivyokula kiapo, walivyogawiwa vibendera vya karatasi vya kupunga. Cha karatasi hakikumridhisha. Aliporudi alikwenda kwa fundi, akashonewa bendera ya kitambaa, kubwa kama upande wa khanga. Sikukuu za taifa aliitundika mbele ya meza yake. Siku nyingine ilikaa imekunjwa ndani ya ndoo safi, na hakuruhusu mtu aishike kwa mikono yenye asali.

Mimi ni wa ukoo wa Kiarabu. Babu wa babu yangu alitoka Oman, akafuata misafara mpaka huku Unyanyembe, akaoa Mnyamwezi, akabaki. Kiarabu chetu ni cha kuswalia tu, mengine yote tunayasema kwa Kiswahili. Hata hivyo nimewahi kuambiwa, tena na mteja niliyekosana naye kwa bei ya kofia, kwamba nirudi Maskati. Maskati siijui.

Mwaka wangu wa kumi na tisa pale, kiangazi kikiwa kinaisha, halmashauri ilituambia tuondoke ili barabara ipanuliwe. Hatukuikataa barabara. Tulichoomba ni kuonyeshwa kwanza pa kwenda. Tuliandika barua mbili, tukatuma wazee. Jibu lilikuwa kwamba greda litakuja Jumanne.

Jumatatu jioni mwenyekiti wetu, muuza viatu vya mitumba, alitukusanya akasema tukae barabarani, wanawake mbele. Tulikubaliana hivyo. Miswala haikutajwa na mtu yeyote. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye walilaumiwa wengine: wazo la miswala lilikuwa langu, na lilinijia ghafla, saa nne asubuhi ya Jumanne, greda likiwa tayari linakuja.

Tulikuwa tumekaa vumbini, kama wanawake thelathini. Askari walikuwa wamesimama pembeni, na greda likasogea taratibu hadi tukaisikia ardhi ikitetema chini ya mapaja yetu. Wawili wakainuka, kisha watatu. Nikageuka nyuma nikaona kwenye meza yangu bunda la miswala mipya, bado imo kwenye nailoni, mingine myekundu, mingine ya kijani, yote ina picha ya Al-Kaaba. Nilikimbia, nikaichana nailoni kwa meno, nikarudi nikaitandaza kukata barabara, mmoja baada ya mwingine, kumi na minne.

"Kaeni juu yake," niliwaambia. "Hii hawataikanyaga."

Hawakuikanyaga. Greda lilisimama, dereva akazima injini, akashuka, akavua kofia yake. Wanawake wakakaa, Waislamu kwa Wakristo. Jirani yangu alikaa kwenye wa kijani, rozari mkononi, na begani amejitanda ile bendera.

Mkuu wa askari wale alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso. Alikuja mpaka ukingoni mwa mswala wangu, akachuchumaa bila kuugusa.

"Asalaam alaykum, mama."

"Waalaykum salaam."

"Hii ni sala, au ni nini?"

"Ni sala, afande."

"Sala ya saa nne?"

"Ya Dhuha," nilijibu, nikiitaja sunna ya asubuhi.

Aliitazama ile safu ya miswala kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akainama karibu na sikio langu, akasema kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, "Kibla siyo huku, mama."

Greda lilitokea mashariki. Mimi, niliyekuwa nikiuza miswala tangu ujana wangu, nilikuwa nimeitandaza yote kumi na minne ikilielekea greda.

Uso ulinichoma. Niliinuka, nikaugeuza wangu kaskazini, upande wa reli, nikafunga sala. Sikuwa na udhu. Niliswali rakaa mbili mbele ya soko zima, na nilichosoma sikijui mpaka leo. Yule mkuu alisogea kando akangoja. Alipoona nimetoa salamu ndipo akapumua, akataka kusema jambo.

Hakuwahi. Msimamizi wa ujenzi, bwana mmoja mwenye suti aliyekuwa amechoka na jua, alimnyooshea kidole jirani yangu.

"Na huyu Mrundi? Nani kamruhusu kujifunga bendera yetu?"

Jirani yangu alisimama. "Yetu ndiyo," alisema. "Yako na yangu."

"Bendera siyo khanga."

"Najua. Khanga sijawahi kuiapia."

Watu wakacheka, na kile kicheko kiliharibu mambo. Mkuu wa askari alimwambia kwa upole kwamba bendera ina sheria yake, haivaliwi mwilini, aivue, yeye ataitunza. Jirani yangu akasema, "Mkitaka kunitoa hapa nitoeni nikiwa nayo." Mkuu akamsihi mara ya pili. Akakataa. Askari wawili wa kike wakamshika mikono, na mkuu mwenyewe akaitoa bendera mabegani mwake. Akamwita kijana wake, wakaikunja wawili, pembe kwa pembe, wakiangalia isiguse chini. Wakati wanaikunja, jirani yangu alikuwa anasukumwa garini kama gunia.

Mimi nilikuwa hatua tano tu. Kabla mlango haujafungwa alinitazama. Nilinyamaza.

Siku hiyo greda liligeuka likarudi lilikotoka, na soko likapiga vigelegele. Mwenyekiti aliwashukuru wanawake wote, akanishukuru mimi zaidi. Niliikusanya miswala, nikaikung'uta vumbi, nikafunga meza yangu na ya jirani, nikaenda kituoni na chakula.

Nilikaa kwenye benchi la nje tangu saa nane. Mlango ulikuwa wazi, na ndani nilimwona amekaa sakafuni pamoja na mahabusu wengine watatu, nyuma ya kaunta. Hawakuniruhusu kuzungumza naye, ila chakula walikipokea. Saa kumi na mbili filimbi ikalia ya kushusha bendera. Mnajua inavyokuwa: kila mtu husimama pale pale alipo. Bodaboda barabarani akazima pikipiki. Mama mwenye ndoo kichwani akasimama na ndoo yake. Nami niliinuka. Nikatupa jicho ndani nikamwona jirani yangu ameshasimama kabla ya wote, mikono imenyooka ubavuni, uso ameuelekeza nje, ingawa mbele yake, ng'ambo ya kaunta, palikuwa na ukuta na mlingoti hauonekani. Mkuu wa askari alikuwa upande wa pili wa kaunta. Naye alisimama wima. Walitazamana hivyo, kaunta katikati yao, hadi filimbi ilipolia tena.

Baada ya hapo mkuu alimwambia, "Nenda nyumbani, mama. Bendera inabaki. Ni kielelezo."

"Kielelezo cha nini?"

Aliandika kitu kwenye daftari, akafungua kijilango cha kaunta.

Tulitembea hadi chumba alichopanga mjini. Alisema miguu inamuuma. Nilisema pole.

Nyumbani mama yangu alikuwa ananingoja sebuleni. Ana miaka themanini na zaidi, haoni vizuri, lakini habari zilikuwa zimemfikia. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu, akamweleza kilichomo. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikuwa na udhu?"

Hakuuliza jambo jingine kwanza. Nikamwambia sikuwa nao.

"Ulinuia nini?"

Nilifikiri nimpe jibu zuri. Halafu nikasema lililokuwa kweli. "Nilinuia greda lisimame."

Alizipitisha punje kadhaa za tasbihi vidoleni. "Basi hiyo ni dua, na dua si vibaya. Lakini yule mtu ulimwambia ni sala." Akajiegemeza ukutani. "Nenda kaswali magharibi kabla haijakupita."

Picha zilienea. Moja ilieleza kwamba wanawake wa Kiislamu wa Tabora wameitetea dini yao. Nyingine, picha ile ile, ilieleza kwamba Wakristo wameletwa wakanyage miswala. Wapo waliotusifu kwa uzalendo, na wapo walioandika kwamba wakimbizi wameitukana bendera. Nilizisoma zote. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba tulikuwa tunaomba kuonyeshwa pa kuhamishia meza. Msikitini nilitumiwa mwanamke mwenzangu aniambie kwamba dini haichezewi. Jirani yangu naye aliulizwa na katekista wake ilikuwaje akasali rozari juu ya mswala. Alimjibu kwamba lami ilikuwa ya moto. Pale hapakuwa na lami, lakini katekista hakulijua soko letu.

Wiki tatu baadaye tukapewa siku nyingine. Mwenyekiti alikuja mezani kwangu, akauliza kama ile miswala ipo. Ilikuwepo, nilikuwa nimeifua. Nikamwambia sitaitoa.

Alipoondoka, jirani yangu aliacha kupima maharage. "Kwa nini?"

"Siwezi."

"Ilisimamisha greda."

"Ndiyo sababu. Nilimdanganya mtu kwa sala."

"Hukumdanganya," alisema. "Alijua. Aliona umekosea kibla, na bado akakungoja umalize. Unafikiri alikuwa anaogopa zulia?"

Nikamuuliza, kwa kutaka kumgeuzia mzigo, "Na wewe? Wangekurudishia bendera yako leo, ungeivaa tena?"

"Ningeivaa."

"Wakuite Mrundi tena mbele za watu?"

"Wataniita hata nisipoivaa." Akachota maharage, akayamimina, akachota tena. "Siku ile nilipokuwa naingizwa garini nilitega sikio nisikie sauti yako. Nilisikia za wote. Ya kwako sikuisikia."

Nilijishughulisha na kupanga kofia. Yeye akamgeukia mteja.

Siku ya pili ya greda tulikaa vumbini bila kitu chini yetu. Nami nilikaa. Tuliambiwa tuondoke, tukakaa nusu saa, tukaambiwa tena, tukaondoka. Meza zetu tulizibomoa kwa mikono yetu ili tuokoe mbao. Nilimsaidia jirani yangu kufungua turubai. Tulilikata katikati kwa kisu, kila mmoja akachukua nusu yake, na hapo ndipo machozi yalinitoka, mimi peke yangu. Yeye alikuwa anahesabu misumari.

Sasa tumepewa eneo jingine, mbali na barabara, penye tope masika na wateja wachache. Jirani yangu hakulitaka. Alirudi Ulyankulu kulima. Ile miswala niliigawa kwa wajane wa mtaani kwetu, nikiwaeleza imetoka wapi. Wawili waliikataa. Mwingine alisema anataka ule uliokaliwa na Mkristo, kwa sababu kama Mungu aliupokea siku ile atampokea na yeye. Sikujua kama anatania.

Msimu wa mavuno nilipanda gari nikaenda kumwona. Nilimkuta uani, ameketi na ungo wa maharage. Alifurahi. Aliniletea kigoda na maji, tukaulizana habari za watoto na za wazee. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na nilipoyatoa yalitoka vipande vipande.

"Siku ile ningesema. Ningesema huyu ni jirani yangu, ni raia kama nyinyi, na kama ni kurudishana kwao, basi hata babu yangu mimi alikuja kwa miguu."

Hakuinua macho. "Wangetuchukua wote wawili."

"Najua."

"Sakafuni palikuwa na nafasi."

Sikuona hasira usoni mwake, wala sikuona kwamba amenisamehe. Aliniambia amekwenda kituoni mara mbili kuiulizia bendera, akaambiwa jalada halijafungwa. Akasema mvua za mwaka huu zimekuwa nzuri kwa maharage lakini nyuki wamehama. Nami nikamwambia bado naona kwamba sikupaswa kuitandaza ile miswala, hata kama greda lilisimama. Akasema bado anaona nilipaswa kuitandaza mara ya pili.

Akanisogezea ungo. Gari la kurudi Tabora lilikuwa la saa tisa, na kulikuwa na magunia mawili ya maharage yenye mawe, yanayongoja kuchambuliwa.