Mama Aliyezunguka Akiomba Moto

Wewe cheka tu. Kila niliyemsimulia jambo hili alicheka kwanza, kisha akaniuliza asubuhi ile nilikuwa nimekunywa nini. Sikunywa kitu, hata chai. Mimi ni mzimamoto wa Gitega, huku Burundi, na mzimamoto akilewa kazini hafukuzwi, anazikwa. Kwa hiyo nisikilize vizuri. Ninachokwambia nilikiona kwa macho yangu haya, na yuko dereva mmoja wa Muyinga ambaye atakuapia hivyo hivyo.

Lafudhi yangu unaisikia si ya hapa. Nyumbani kwetu ni Giteranyi, kule Muyinga, lakini nilikulia kambini Tanzania, na mpaka leo wenzangu kazini wananiita Mtanzania. Nikikasirika ndiyo wanazidi. Basi nimeacha kukasirika, au nasema nimeacha.

Watu hudhani mambo kama haya hutokea usiku wa manane. Mimi yangu yalinikuta asubuhi, wakati wa watu kuinjika maharage. Tulipata habari kwamba lori la gesi ya kupikia, lililotoka Tanzania likapitia Muyinga, limelala ubavu kwenye kona ya mlimani nje ya mji. Nilipotajiwa kile kilima moyo ulinilipuka. Chini ya kona ile, bondeni, ndiko alikoolewa dada yangu Spesi. Na Spesi alikuwa amejifungua mtoto wa kike juzijuzi tu, hata mimi nilikuwa sijamwona.

Sijui kama unaijua gesi hii. Ni nzito kuliko hewa. Haipandi kama moshi, inatambaa. Inafuata mteremko, inalala mitaroni, inapita chini ya milango. Yenyewe haiunguzi mtu, inatafuta moto tu. Kaa moja jekundu, au mtu anyooshe mkono awashe taa, hata aizime, maana swichi nayo ina cheche yake, basi bonde zima linawaka kwa mpigo mmoja. Waswahili wanasema dawa ya moto ni moto. Aliyesema hivyo hakuwahi kufanya kazi yangu.

Tulisimamisha gari mbali, upande upepo unakotoka. Dereva wa lori akatujia mbio, kofia yake mkononi. Ndiye yule dereva niliyekutajia, jina lake Hamisi, mtu wa Muyinga mjini.

"Patron, mi nilishazima moteri," akasema. "Lakini ile robine ya nyuma iko inapuliza. Gazi yote iko inashuka kule chini, kwa watu!"

Shefu wetu hakupoteza muda. Barabara ikafungwa, simu zote zikaachwa garini, wenzangu wakaanza kuimwagia gesi maji ya manyunyu ili itawanyike huku wakijaribu kuifikia ile robine, yaani bomba la kufungia tangi. Mimi, kwa kuwa nalijua bonde, nikatumwa kwenye nyumba. Moto wote uzimwe, watu wote wapande ng'ambo ya pili. Akaniambia nisikimbie nikaanguka. Ungekuwa wewe, na dada yako yuko chini, ungetembea?

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu, unaijua milima yetu. Kwa hiyo ukungu ulikuwa wa aina mbili: ule wa Mungu, umening'inia juu ya migomba, na mwingine mweupe zaidi, unateremka taratibu kwenye mtaro kando yangu, ukinuka yai viza. Nilikaa upande wa juu, nikiubania pua.

Ndipo nikamwona. Mwanamke mtu mzima, amevaa kitenge kilichopauka, anatoka mtaroni. Niamini: hakupita kando ya ile gesi, alitoka ndani yake, kama mtu anayetoka jikoni kwake. Hakukohoa. Mkononi alikuwa na kigae cha chungu, na kwenye kigae majivu.

"Mama, toka humo!" nikapiga kelele. "Utakufa!"

Akanitazama kwa upole. "Naomba moto, mwanangu."

Alisema kwa Kiswahili cha kule kambini kwetu, kile nilichokulia nacho. Kwenye bonde lile watu wanasema Kirundi. Nani alimwambia mimi nasikia lugha gani?

Na hapa lazima nikueleze. Kwetu Warundi kwenda kwa jirani kuomba kaa la moto kuna jina lake kabisa, kurahura, na mwenye adabu hamnyimi anayeomba. Lakini kuniomba moto mimi, pale, saa ile? Nilitaka kumtukana, Mungu anisamehe. Nikamwambia sina moto, mimi kazi yangu ni kuuzima.

"Huo ulio nao," akasema, akaonyesha mfuko wa shati langu.

Kumbe! Kiberiti. Mke wangu alinituma tangu jana yake, nikanunua, nikakisahau mfukoni. Mzimamoto mzima nashuka kwenye gesi na kiberiti kifuani! Nikampa, sijui kwa nini. Vidole vyake vilikuwa baridi kuliko maji ya kisima. Akakiweka juu ya yale majivu.

"Nimezunguka nyumba zote," akasema. "Wamenipa. Nyumba moja tu wameninyima. Nenda wewe, wewe si mgeni pale."

Kisha akageuka, akarudi ndani ya ule weupe. Nilitazama majani alipopita. Umande ulikuwa umekaa vilevile.

Niliogopa, sikufichi. Lakini hofu ya Spesi ilikuwa kubwa zaidi, ikanisukuma.

Nyumba ya kwanza nikakuta mwenyewe ananuna mlangoni. "Amekuja mama mmoja kuomba moto. Nimempa kaa moja tu, na mafiga yangu yote yakapoa! Mchawi huyo!" Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu wanapuliza majivu mpaka macho mekundu, wala hayashiki. Nikawaambia waache kupuliza, wachukue watoto, wapande. Kote nilikopita sikukuta hata cheche, na sikuwa na muda wa kushangaa, kwa sababu nilishajua ni nyumba gani iliyomnyima.

Nilimkuta mama mkwe wa Spesi, tunamwita Mama Dezideri kwa jina la mwanawe, amekaa kigodani na mbabula katikati ya miguu. Hilo ni jiko la makaa, na makaa yalikuwa mekundu hasa. Spesi alikuwa kitandani, mtoto kifuani.

"Zimeni moto!" nikapaza sauti kutoka mlangoni.

Lo! Hapo ndipo nilipoharibu. Nyumba ya mzazi huingii ukisema zima. Mama yule akaikumbatia mbabula kwa magoti.

"Oya!" akasema. Ni hapana kwa Kirundi. "Kitovu cha mtoto hakijadondoka. Moto wake hautoki nje, na hauzimwi, labda unataka kumzima na yeye. Amekuja mwanamke asubuhi hii nikamnyima, na wewe nakunyima."

"Mama, gesi inakuja, tutaungua wote!"

"Niliuota moto kama huu nilipojifungua, na mama yangu vilevile. Haujawahi kumuunguza mtu."

Spesi alianza kulia. "Kaka, mchukue mtoto peke yake, mimi utanirudia." Miguu yake ilikuwa bado haina nguvu. Nami ningeanza na nani? Nikimnyang'anya mzee jiko, makaa yatamwagika sakafuni. Nikimwaga maji, atapigana nami. Harufu ya yai viza ilikuwa imeshafika mbele ya nyumba. Nilihisi machozi yananitoka kwa hasira, kwamba naweza kuzima moto wa maghala ya watu na nashindwa na jiko la mwanamke mmoja.

Ndipo neno la yule mama likanirudia: wewe si mgeni pale.

Nikavua kofia ya kazi. Nikapiga magoti.

"Mama, nimeingia vibaya. Sikuja kama mzimamoto. Mimi ni mjomba wa huyu mtoto. Moto wa mtoto ukishikwa na mjomba wake, umetoka nyumbani?"

Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Marume," akasema, ndiyo mjomba kwa Kirundi. Kisha akafyonya. "Sasa si ungeanza na hilo? Unapiga kelele tu kama polisi."

Akafungua magoti.

Niliishika mbabula kwa vitambaa vya mtoto nilivyovilowesha ndooni, nikatoka mlango wa nyuma, nikapanda mbio ng'ambo ya pili, hadi kwenye migomba ya juu ambako upepo ulikuwa safi. Nikaipindua kwenye tope nikaifukia kwa mikono. Alama hizi kwenye viganja ndizo za siku ile. Nikarudi, nikambeba Spesi mgongoni, mama mkwe akabeba mtoto, tukapanda. Tulipogeuka kutazama, ule weupe ulikuwa unaingia mlango wa mbele bila hodi. Ukaingia, ukajaa ndani, ukakaa. Haukukuta kitu.

Mama Dezideri aliuona kwa macho yake. Alimfunika mtoto uso kwa kitenge, akaanza kusali kimyakimya.

Baada ya muda filimbi ya shefu ikalia kule juu, robine imefungwa. Tulikaa mpaka gesi ilipotawanyika yote ndipo tukaruhusu watu kurudi. Hakufa hata kuku.

Ningekuwa mtu wa kusahau ningeishia hapo. Lakini nilipopanda kurudi barabarani lilipolala lori, Hamisi aliniita nyuma ya tangi, amesimama anatazama chini. Pale pale chini ya robine, mahali gesi ilipokuwa nzito kuliko popote, palikuwa na kile kigae. Juu ya majivu kiberiti changu, kimeloa maji. Hamisi akakifungua. Njiti zote zilikuwa nyeusi, zimeungua vichwa, moja baada ya nyingine.

"We, hii kiberiti iko ya nani?" akauliza. "Nani aliwasha hapa na sisi tuko wazima?"

Nikajibu ni yangu. Akakifunga, akakitia mfukoni mwake.

Niliuliza bonde zima yule mama ni nani. Hakuna anayemjua. Kila mmoja alidhani ni mgeni wa jirani yake. Mama Dezideri peke yake hakutaka kujibu. Alisema tu kwamba aliwahi kuwapo mtu chini kule, zamani, aliyeunguliwa na nyumba akipiga kelele, na majirani wakachelewa. Kisha akabadilisha mazungumzo, nami sikumlazimisha.

Nikienda Giteranyi kuwaona wazee napita Muyinga kwa Hamisi. Sasa anauza vitambaa sokoni, malori aliacha. Kiberiti kile anacho. "Mi siwezi kukitupa," huniambia, "na mi siwezi kulala nacho chumba kimoja." Amekifunga kwenye kitambaa, kiko juu ya dari ya duka.

Na mimi je? Tangu siku ile njiti haiwaki mkononi mwangu. Usinicheke. Nimejaribu viberiti vipya, vikavu, mbele ya mashahidi. Nakwaruza, inatoa moshi, inakufa. Mke wangu alidhani ni uvivu wa kuwasha jiko, akanuna mpaka akachoka. Shefu wangu yeye anasema ndiyo mzimamoto hasa.

Kwa hiyo nakuonya. Ukisikia ile harufu nyumbani kwako usiwashe taa, na kama inawaka usiizime. Usiguse kitu. Fungua mlango, toka, panda mahali pa juu, waite watu. Na akikujia mtu usiyemjua akakuomba moto, usiulize sana ni mgeni wa nani. Mpe, na jiko likipoa usilipulize.

Mtoto wa Spesi sasa ni msichana mkubwa. Nikienda kwao, chai ikihitajika, ananipokonya kiberiti. Anakwaruza mara moja tu, inawaka. Juzi akaniuliza, "Mjomba, kwani moto wako ulienda wapi?"

Nikamwambia nilimpa mama mmoja, siku niliyokuja kuuchukua wa kwako.