Uko na Nani Huko?

Upepo wa Avignon usingemshangaza mtu wa Singida. Ni upepo mkavu, wa fujo, unaovua watu kofia bila kuomba radhi. Sista Yunisi Mughwai alipotoka kituo cha treni na kumwona mzee mmoja wa Kifaransa akiikimbiza kofia yake barabarani, alicheka kwa sauti. Akageuka pembeni ili acheke na mwenzake. Pembeni palikuwa na sanduku lake tu.

Mwenzake alitakiwa awe Daktari Emilian, kijana anayefanya naye kazi katika hospitali moja ya misheni huko kwao Singida, lakini viza ya Emilian ilikwama mpaka ndege ikaondoka. Basi Yunisi, muuguzi, mama mtu mzima ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mwanza, akajikuta peke yake katika mji wa kale wa Ufaransa, mji uliozungushiwa ukuta wa mawe, wenye kasri walimokaa mapapa wa Kanisa zamani hizo. Ndani ya kasri hilohilo, kwenye kumbi zilizokarabatiwa, ndimo ulimofanyika mkutano wa wauguzi na madaktari wanaohudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Hiyo ndiyo kazi ya Yunisi: kuwapunguzia watu maumivu, kukaa nao, na siku ikifika, kuwapa ndugu zao habari.

Hakutaka kuja. Baba yake, Mzee Simeoni, alikuwa mgonjwa kule kijijini Mtinko. Kisukari kilikuwa kimemla mguu, na kila Jumamosi Yunisi alikwenda kumsafisha kidonda kwa mikono yake, ingawa Jenipher, mke wa mdogo wake Obadia, angeweza kuifanya kazi hiyo vizuri tu. Yunisi hakuolewa. Mama yao alifariki yeye akiwa chuo cha uuguzi na Obadia angali mtoto wa kufungwa vifungo vya shati, na tangu hapo maisha yake yote yakawa hospitali na kwa baba. Uhamisho wa kwenda miji mikubwa aliukataa mpaka ofisini wakachoka kumuuliza.

"Nenda," mzee alimwambia. "Mguu huu wenyewe hauendi popote, utaukuta. Ila ukirudi uniambie hao watu wanakula nini."

Hilo lilikuwa swali lake la maisha. Mzee Simeoni hakuwa mtu wa kuuliza habari za kazi wala za mshahara. Akishika simu, kabla hata hajaitikia shikamoo, anapiga kelele utadhani anaisukuma simu kwa pumzi zake: "Umekula nini?" Ukimjibu akaridhika, anamrudishia Obadia simu yake, mazungumzo yamekwisha. Alikuwa ameionja njaa utotoni, na kwake yeye mtu aliyekula, shida zake nyingine zote zinaweza kungoja kesho.

Kwa hiyo Yunisi alikula kwa niaba ya baba yake. Alikula mkate mrefu uliokwaruza kinywa. Alikula jibini lenye harufu ya soksi za mlinzi wa usiku, akalimeza huku akitabasamu kwa ajili ya mhudumu. Alikula supu ya nyanya iliyoletwa baridi, akangoja kidogo akidhani wataigundua na kwenda kuipasha, wasifanye hivyo. Konokono aliwaona kwenye kibao cha mgahawa, wamechorwa na magamba yao, akasema moyoni: hao mpaka siku ya mwisho, kama nitapata ujasiri.

Watu wa mkutano walikuwa wema, asiwasingizie. Walimpa mkono, wakasoma jina lake kifuani, wakataja Serengeti, wakatabasamu na kwenda zao. Wakati wa chakula kila meza ilikuwa na wenyewe. Asubuhi moja kwenye ngazi za hoteli alikutana na bibi mmoja mwenye mkongojo, na mdomo wake ukamtoka wenyewe: "Shikamoo." Bibi akainamisha kichwa kwa adabu na kupita. Ile shikamoo ikabaki pale kwenye ngazi bila marahaba yake, na Yunisi akasikia upweke hasa.

Siku ya kwanza alipopiga simu nyumbani, mzee alipokea mwenyewe.

"Umekula nini?"

"Mkate, baba. Mrefu kama fimbo ya kuchungia."

"Unatafunika?"

"Kwa shida."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikampata, akamrudishia Obadia simu.

Kesho yake alipokea Obadia. "Shikamoo, dada," akasema, polepole, kama mtu aliye mbele ya mchungaji. Obadia! Tangu lini? Huyu ndiye huanza na "Sista wa Ulaya, umeniwekea nini kwenye begi?" Safari hii aliuliza usingizi, akauliza afya, akauliza baridi.

"Mzee yuko wapi?" Yunisi akauliza.

"Yupo. Ametoka kidogo, kaenda kwa Melkiori."

Melkiori ni jirani yao, nyumba yake iko juu mlimani, kwenye majabali. "Na mguu ule?"

"Leo una nafuu, dada. Hivi unarudi lini hasa?"

"Si nilikuambia? Mkutano ukiisha kesho, keshokutwa naondoka."

"Sawa. Njoo salama."

Yunisi akafurahi. Ndiyo, alifurahi! Muuguzi wa miaka yote hiyo, anayekijua kidonda kile kuliko anavyoijua sura yake, akaamini kwamba mguu ule umepanda mlima. Alipokumbuka baadaye alijionea huruma na hasira kwa pamoja.

Asubuhi ya kusoma mada yake, Emilian akapiga.

"Sista, uko na nani huko?"

"Na nani tena, wakati wewe umenitupa? Niko peke yangu na mapapa."

Emilian, ambaye huchekeshwa hata na mlango ukigoma kufunguka, hakucheka. "Basi sawa," akasema. "Soma mada yako vizuri. Tutaongea ukirudi."

Mada yenyewe ilihusu jambo analolijua hadi mifupani: namna familia za vijiji vya kwao, Mtinko, Unyambwa na Mwankoko, zinavyopeana habari za kifo, nani aambiwe kwanza, nani aseme, nani akae karibu. Alisoma kwa Kiingereza chake cha chuoni, akisimama vizuri kwenye nukta. Watu waliandika. Alipomaliza, daktari mmoja mwanamke, mwenye nywele fupi nyeupe, akanyoosha mkono. Alitaka kuelewa: kumficha mtu aliye mbali kwamba mzazi wake amekufa, je, si kumdanganya? Hana haki ya kujua?

"Haki anayo," Yunisi akajibu. "Tunamwekea nyumbani, akifika anaikuta."

Watu wakacheka kidogo, kwa wema. Akapata moyo, akaendelea.

"Mama yangu alipofariki nilikuwa chuoni, Dodoma. Shangazi yangu Rahel alitumwa kunichukua. Akaniambia mama anaumwa kidogo, ananihitaji. Njiani alininunulia karanga, akaniuliza habari za walimu, akacheka vituko vyangu vyote, na mimi nilikuwa na maneno mengi siku ile. Nilijua nilipoliona turubai uani kwetu. Wanawake walinishika huku na huku kabla sijaanguka. Baadaye ndipo nilipofikiri: yule mama alimpenda wifi yake, naye amekaa ndani ya basi kutwa nzima anatafuna karanga na mimi. Alinibebea. Sisi hatumpi mtu msiba akiwa njiani, hana wa kumshika."

Mwenyekiti wa kikao akampa ishara amalizie.

"Siku hizi kuna simu, kwa hiyo tunakuwa waangalifu zaidi. Anayepokea awe ni mtu anayeweza kujikaza. Anakusalimu vizuri. Anakwambia mgonjwa ana nafuu, ametoka kidogo. Anakuuliza unarudi lini. Na sisi wa hospitali, vijana wetu tunawafundisha kwamba kabla hawajasema neno lolote, waulize kwanza swali moja: uko na nani..."

Akanyamaza.

Mwenyekiti alidhani Kiingereza kimemwishia. Akamsogezea glasi ya maji. Yunisi aliishika ile glasi kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ni hayo tu. Asanteni." Wakampigia makofi. Wengine walisimama kabisa, na yule daktari mwenye nywele nyeupe alikuwa miongoni mwao.

Alitoka nje bila kuchukua mkoba wa mkutano. Upepo ulikuwa palepale. Alishuka vichochoro vya mawe, akatoka lango la ukuta, akafika mtoni, mahali ambapo kuna daraja la kale lisilofika ng'ambo. Mto ulilivunja zamani, watu wakachoka kulijenga upya. Watalii huenda mpaka linapoishia, wanapiga picha, wanarudi. Yunisi akakaa kwenye benchi na kulia.

Kwao mtu hawezi kulia hivyo akaachwa. Hata sokoni, hata asiyekujua, atakuja akae karibu, akuulize kuna nini, na kama huwezi kusema ataanza kulia naye msiba wake mwenyewe. Hapa mama mmoja aliyekuwa amekaa ncha ya pili ya benchi alifungua mkoba, akaweka pakiti ya karatasi laini karibu na mkono wa Yunisi, kisha akainuka taratibu, akaenda benchi jingine ili asimsumbue. Ilikuwa heshima, Yunisi aliiona. Alitamani kumwita, amwambie mama, rudi, nisumbue. Hakuwa na lugha ya kusema hivyo.

Baba yake amekufa. Alilisema kwa sauti, kwa Kinyaturu, lugha ya kwao, kwa sababu hapakuwa na wa kulisikia. Walikuwa wanamngoja yeye, mtoto wa kwanza, ndipo wazike. Ndiyo maana ya ile "unarudi lini hasa". Tiketi isingebadilika ili aondoke mapema. Zilibaki ndege na basi na yeye mwenyewe, mpaka uani.

Angeweza kumpigia Obadia na kusema, nimeshajua, acha kunivunga. Halafu? Obadia angepiga kelele pale pale mbele ya watu, na njia nzima mpaka Singida wote wangekuwa roho juu: yuko wapi, ameanguka wapi, nani yuko naye. Wamejikaza wote kwa ajili yake. Jenipher amejikaza, Emilian amejikaza, na Shangazi Rahel bila shaka yuko pale jikoni akiwaelekeza namna ya kusema. Yunisi alimkumbuka ndani ya basi lile, kinywa kimejaa karanga, akicheka.

Akajifuta uso kwa zile karatasi. Akarudi ndani ya ukuta, akaingia mgahawa wenye kibao cha konokono, akaketi peke yake, akaonyesha picha kwa kidole. Waliletwa wakiwa ndani ya magamba yao, wanaelea kwenye siagi na kitunguu saumu. Alimvuta wa kwanza kwa kile kijiuma chao, akafumba macho. Aliwala wote, akafuta sahani kwa mkate. Kisha akapiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Njema kabisa. Tuko salama kabisa."

Nyuma ya Obadia palikuwa na ukimya wa watu wengi walioambiwa wanyamaze. Kitu kikubwa kilikuwa kinapigwapigwa na upepo, kinajaa na kulegea. Yunisi aliijua sauti ya turubai.

"Mzee?"

"Mzee yupo... Anakusalimu sana."

Akashika ukingo wa meza. "Mwambie nimekula konokono," akasema.

"Nini?"

"Konokono, Obadia. Wanawapika na siagi. Mwambie konokono mwenyewe hana ladha yoyote, utamu wote uko kwenye kitunguu saumu. Alitaka kujua hawa watu wanakula nini. Usisahau kumwambia."

Turubai likapiga, likapiga tena. Obadia alikuwa ameiweka simu mbali na kinywa. Yunisi alimsikia akivuta pumzi, akashindwa, akavuta tena. Hakumharakisha.

"Nitamwambia, dada," akasema hatimaye. Kisha, kwa sauti kubwa isiyo yake, kana kwamba anaisukuma simu mpaka Ulaya, akauliza, "Na kingine? Umekula nini kingine?"

Yunisi akaanza na ule mkate.