Pua ya Baba

Uzi wa pamba ukiungua hunuka kama karatasi iliyochomwa. Wa polista hunuka plastiki na kuacha kidonge cheusi, kigumu. Hayo nilifundishwa na baba nikiwa na miaka kumi, katika maduka ya jumla ya nguo barabara ya Zhanxi, Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulifika likizo ya Desemba, mimi nikiwa nimeandikwa ndani ya pasipoti ya mama kama watoto wa siku zile. Mfanyabiashara alikuwa mama. Baba alikuja kukagua vitambaa, maana alilima tumbaku kwao Urambo, akaenda vita vya Uganda, akarudi na kutumikia mashine za kiwanda cha nguo Dar es Salaam mpaka kiwanda kikafungwa. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya safari ile. Jungu kuu halikosi ukoko, mama alipenda kusema. Muuzaji akitaka kumpa polista kwa jina la pamba, baba alichomoa uzi, akawasha kiberiti, akanusa, akatikisa kichwa. Biashara imekwisha.

Siku ya nne uzi ule aliusogeza kwangu. "Nusa, mama," aliniambia, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Karatasi au plastiki?" Nilidhani ananifundisha kazi, nikavimba kichwa. Kumbe pua yake ilikuwa imekufa, na kifua chake, kilichovuta vumbi la pamba miaka yote ile, kilikohoa usiku na mchana. Mama akipatana bei na laoban, ndivyo tulivyomwita kila mwenye duka, mimi nilinong'ona jibu naye baba akalitangaza kama lake. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilikuwa mtoto wa kupenda sifa, na sijawahi kuwa mtu wa maana kama nilivyokuwa mwezi ule.

Kisha nikaona damu. Ilikuwa asubuhi, hotelini kwetu Xiaobei, mama ameshuka kununua chai, nami nikamkuta baba bafuni akifua leso. Hakunifokea. Alichutama tukawa sawa kwa urefu. "Mama yako akijua ataacha mzigo, turudi mikono mitupu. Kontena likifungwa nitamwambia mwenyewe. Hili liishie hapa." Nikasema ndiyo, baba. Kwetu mtoto akiambiwa hivyo na mzazi wake, linaishia hapo. Nikaisuuza ile leso na kuianika nyuma ya pazia. Mama alipouliza mbona baba yako anakonda, nilimjibu chakula cha huku hakimpandi. Akacheka, akamtania, "Baba Zuhura, umezoea ugali wa jeshi." Siku kumi na moja nilisema uongo huo na mwingine unaofanana nao.

Kontena lilifungwa Jumanne. Jumatano baba hakuweza kuinuka kitandani, na hospitalini daktari alimwambia mama, kupitia mkalimani, kwamba mgonjwa angeletwa siku kumi kabla pengine angesaidika. Alikufa Ijumaa. Wafanyabiashara wachache wa kwetu na Waislamu wa Kichina walimzika kule kule, mvua ya baridi ikinyesha, mbali na Urambo. Mama alilia akirudia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ametuficha, mwanangu, ametuficha sote wawili." Habari ya leso sikumwambia, kwa aibu na kwa woga.

Siku hizi mtu akiumwa Guangzhou, ndugu zake wa Tabora wanamwona kwenye simu kabla hajamaliza kukohoa. Wanangu nao hawana siri. Mmoja akijikwaruza kidole, mwenzake ameshanipigia kazini. Shangazi zao hulalamika kwamba nawalea midomo wazi, hawajui adabu ya kunyamaza. Nawaacha waseme. Adabu hiyo mimi nilikuwa nayo tele. Mama alifariki mwaka juzi, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akinipa pole kwamba baba alinificha hata mimi.