Biti Iliyomsubiri Ningi

Siku ya kwanza kazini nilikwenda nimevaa sare ya kwaya, maana sikujua mtu wa studio huvaaje. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja mjini Bariadi, nyuma ya duka la vifaa vya shule. Kuta zilibandikwa magodoro chakavu na trei za mayai ili sauti isigonge na kurudi. Walinichukua kwa sababu nilipiga kinanda kanisani, na mpiga kinanda wao alikuwa amehamia Mwanza. Mkurugenzi, mtu wa Pwani aliyekuja huku kutafuta maisha, alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Mama, hapa hatungoji Roho ashuke," akasema. "Hapa tunapika. Unajua kupika?"

"Nina mume na watoto, Mkurugenzi. Wangekuwa wamekonda."

Aliyecheka ni Fundi Mkuu, mwanamume mpole aliyeketi mbele ya kompyuta. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na mengi ninayowaeleza ninyi vijana wa studio ni yake.

Alinifundisha kwamba kuchanganya aina mbili za muziki si kuzimwaga zote sufuria moja. Kwanza sikiliza mwendo. Singeli hukimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki, rege hutembea. Kisha tafuta uzito, yaani pale inapoanguka ngoma nene ya chini, ambayo sisi tuliiita kiki. Muziki wa haus, ule wa kumbi za disko, huangusha kiki kila hatua, sawasawa, kama mwanamke anayetwanga. Rege huicheleweshachelewesha, mwili wako unaisubiri. "Ukichukua mwendo wa huyu," alisema Fundi Mkuu, "mwachie mwenzake uzito. Wote wawili wakitaka kutawala, utapata kelele."

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa kwaya kutoka Nassa. Wimbo wao ulikuwa wa pole, nikauwekea besi ya rege chini, kidogo tu, na vinanda vya kanisa nikaviacha juu kama vilivyokuwa. Niliogopa watakasirika. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, alisikiliza hadi mwisho huku mabega yakimchezacheza. "Mayu," akaniambia, nasi Wasukuma humwita hivyo mwanamke tunayemheshimu kama mama, "wimbo wetu sasa unatembea kama mtu aliyeshiba." Sijawahi kupewa cheti kizuri kuliko hicho.

Lagangabilili ilipoanza kupata ofisi na watumishi wa serikali, Mkurugenzi alifungua tawi huko, akanipeleka kulisimamia. Nilikuwa na kompyuta, spika, na kinanda kidogo chenye vibonyezo vya mpira: ukigusa kimoja kinatoa kiki, kingine kayamba, kingine besi. Huko ndiko alikonikuta Mzee Masanja wa Migato.

Mzee Masanja alikuwa ningi. Kwa asiyejua, ningi ndiye anayetunga wimbo na kuuongoza. Wachezaji humwitikia, na kikundi chake kilikuwa cha wachezaji wa jembe, ngoma iliyotokana na kulima pamoja. Aliingia asubuhi, kofia mkononi, akanisalimu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Karibu ukae."

Hakukaa. Akanieleza shida yake. Baada ya mavuno ya pamba, vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji huenda wanakovutwa. Atakayebaki na watu ameshinda. Msimu uliopita majirani tunaoshindana nao walileta spika na singeli. "Nilibaki na wake za wachezaji wangu na mbwa," akasema. "Na mbwa nao waliaga mapema. Msimu huu nikiachwa tena, vijana wanavunja kikundi. Wameshaniambia mbele ya uso wangu. Nitie na mimi humo ndani ya mashine."

Nikamrekodi. Sauti yake ilikuwa kavu na tamu, kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Lakini wimbo wa jembe hauna mwendo mmoja. Huharakisha udongo ukiwa laini, hupungua ukiwa mgumu, na ningi akiisha kuita hunyamaza hadi watu waitike. Kompyuta zetu za wakati ule ulizipa mwendo mara moja, nazo zikachora mistari, na kila kitu kilipaswa kukaa kwenye mstari. Mzee Masanja alitoka nje ya mistari kama mbuzi aliyevunja zizi.

Mkurugenzi alipokuja kukagua hakuona tatizo. "Mkate vipande, mpange. Na pale anaponyamaza, weka mabinti wa mjini waitikie. Pasibaki tupu. Spika ikinyamaza watu hudhani umeme umekatika."

Tukafanya hivyo, na wimbo ukatoka safi. Redio waliupenda. Mzee Masanja alikuja kuusikiliza, akavaa hedifoni, akafumba macho. Alipozivua akaziweka mapajani.

"Sauti ni yangu," akasema. "Lakini mpiga ngoma wako wa humo ndani hanisikilizi. Naita, na tayari nimeitikiwa na watu nisiowajua. Sasa watu wa Migato watafanya nini? Wasimame kama wageni wa harusi?"

Nilimpigia Mkurugenzi simu, nikamwomba ruhusa nibebe kinanda hadi uwanjani nipige biti kwa mkono, nyuma ya ningi.

"Yaani nimenunua kompyuta ili wewe urudi kwenye vidole?"

"Siku moja tu, Mkurugenzi."

"Na vidole vikichoka?"

"Vimezoea mikesha ya Pasaka."

Akaguna. "Nenda. Ukiaibika, umetoka studio nyingine."

Alasiri ile uwanja wa Migato ulikuwa umeegemea upande mmoja. Singeli ya majirani ilikuwa imeshawaka, vijana wote wako kule. Jenereta yetu ikanguruma, Mzee Masanja akaanza. Nilimpa kayamba jepesi lenye mbio za singeli, na chini yake kiki ya haus, hatua kwa hatua. Sikumtazama uso. Nilitazama mguu wake wa kulia, kwa sababu mguu ulishuka kabla ya sauti. Ukikimbia, nilikimbia. Ukisita, nilisita. Wachezaji wakarusha majembe, na watu wachache wakaanza kugeuza shingo.

Kisha akaita, akanyamaza. Nikainua mikono yote miwili.

Spika zetu zikawa kimya kabisa. Singeli ya kule ikasikika yote. Wachezaji wake walifungua midomo waitike, akawazuia kwa kiganja. Alisimama akiwatazama watu waliokuwa wamempa mgongo, jembe begani, bila haraka, naye alikuwa na kikundi kizima cha kupoteza. Nilijua nikigusa kitu chochote nitamharibia.

Mwanamke mmoja akaitika kutoka katikati ya umati wa majirani. Nadhani hata yeye alishtuka. Wakaitika wengine waliokuwa karibu naye, kisha upande mzima, na mguu wa Mzee Masanja ukashuka nami nikaangusha kiki pamoja nao. Vumbi likapanda. Walivuka uwanja wakiimba. Jua lilipokuwa linazama, majirani walikuwa wanakunja nyaya zao.

"Wabeja, mayu," Mzee Masanja akaniambia, akinishukuru. "Leo nimepigiwa na mtu."

Kikundi hakikuvunjika. Nilimpigia misimu kadhaa, hadi koo lake lilipokataa, na baadaye tukamzika. Mkurugenzi aliuza studio, Fundi Mkuu akarudi kwao, na vidole vyangu vikaanza kuvimba viungo. Nikastaafu. Siku hizi nakaa Bariadi, na sherehe zikipigwa mtaani nasikia mnavyochanganya. Mnafanya vizuri, wanangu. Mashine zenu zinaweza kupinda mwendo, jambo ambalo sisi tulililia. Msiogope kujaribu. Mimi ninachokitamani hakimo kwenye mashine, ndiyo maana siwadai.

Hivi karibuni alikuja Neema, binti anayeendesha studio kule Lagangabilili sasa. Kikundi cha Migato kimemwomba aufanye upya wimbo wa Mzee Masanja, uwe kama ulivyopigwa uwanjani. Anao ule wa redio tu. Wa uwanjani haukurekodiwa. Nyaya zote zilikwenda kwenye spika. Alifungua kompyuta yake mezani pangu, akaweka sauti ya mzee peke yake, bila mabinti.

"Mama, hapa anapoita halafu ananyamaza. Niache mapigo mangapi?"

Nikaweka vidole juu ya meza nimwonyeshe. Nikapiga kiki, nikapiga kayamba, mzee akaita. Nikainua mikono.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuwa natazama mguu wake."

Neema hakuandika chochote. Alisimamisha wimbo kwenye kompyuta, akavitazama vidole vyangu vilivyokuwa bado hewani, akasubiri nivishushe.