Mwombaji na Mashahidi Wake

Juzi, kwenye dirisha la usajili la chuo kikuu kimoja hapa Nakuru, mbele yangu alisimama mama anayefundisha kwaya huko Bahati. Alitaka kusomea muziki. Nyuma yake walijaa akina mama wa kanisa na chupa za chai, maana kwetu huendi kuomba jambo kubwa peke yako.

"Cheti cha form four?" karani akauliza.

"Sikumaliza. Lakini hawa wote nimewafundisha kuimba. Waulize."

"Mathe, nakuamini. Lakini hapa hatuchukui mashahidi. Fanya mtihani kwanza, ndio urudi."

Hasira ilinipanda. Kabla sijamrukia karani, mmoja wa akina mama wale akamgeukia mwalimu wake. "Wewe soma. Ng'ombe wako nitawakamua asubuhi."

"Jioni ni mimi," mwingine akadakia.

"Wewe? Watakupiga teke!"

Wakacheka, wakammiminia karani chai. Mwalimu alijifuta macho kwa leso.

Bado nasema chuo kimekosea. Lakini mama huyo akipata cheti, hataweza kusema alijisomea peke yake, kama sisi wengine tunavyopenda kujisifu.