Kabla ya Kusema "Niente"

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyokaribia kuua mtu kwa Kiitaliano sanifu.

Wala usicheke. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mkalimani wa daktari Mwitaliano kwenye zahanati moja ya misheni huku Kyerwa. Masista walinifundisha kwamba "niente", yaani hakuna kitu, ikikaa nyuma ya kitenzi, lazima "non" itangulie. Lakini "nessuno", yaani hakuna mtu, ikianza sentensi hujitosheleza. Wenzangu walichanganya. Mimi sikukosea, na kichwa kilinivimba.

Akaletwa mke kijana kutoka Bugomora, uchungu wa kuzaa umemlemea tangu jana yake, mama mkwe wake kasimama kando ya kitanda. Daktari alitaka kumwekea dripu ya kuongeza uchungu, ila kwanza akauliza kama amekunywa dawa yoyote ya kienyeji, maana vitu hivyo viwili vikikutana, kizazi kinaweza kupasuka. Nikamuuliza binti kwa Kinyambo. Akatazama sakafu, akajibu hajanywa kitu.

"Non ha preso niente," nikasema, "non" mahali pake, "niente" mahali pake. Nilisikia raha kweli.

Daktari akachukua sindano. Ma Adela, mkunga wetu mzee, akamshika mkono. Kiitaliano hakukijua hata neno moja. Akamwomba mama mkwe amletee maji ya moto kutoka jikoni, na mlango ulipofungwa akainama, akauliza upya, taratibu. Binti akalia. Tangu alfajiri alikuwa akinyweshwa majani ya kuharakisha mtoto, na aliyeyachemsha ni mkwewe. Kwetu sisi, mke mgeni angemtajaje mama mkwe mbele yake?

Dripu ikawekwa kando. Jioni tukamsikia mtoto akilia.

Ma Adela akaniita pembeni. "Ulimuuliza yeye, au ulimuuliza mkwewe?"

Niliona aibu, na bado naiona.

Sasa nasikia unajifunza Kiitaliano kwenye simu, upate kazi ya ukalimani kwa madaktari wageni. Jifunze, na hiyo "non" usiisahau. Lakini mgonjwa akikuambia hakuna kitu, mtazame usoni, utazame pia nani amesimama karibu naye, kisha umuulize tena mkiwa wawili. Mungu akubariki, mwanangu, na siku utakapotamka "niente", akujalie kweli pasiwe na kitu.